Ubingwa wa uvumilivu wa Nürburgring: kwa nini gari dogo linaweza kuwa bingwa

Mwaka 2018 Philipp Leisen, Christopher Rink na Danny Brink walitwaa ubingwa wa mbio za uvumilivu za Nürburgring, Ujerumani, kwa kuendesha BMW 325i. Msimu mzima walipitwa na Porsche na Mercedes zenye nguvu maradufu. Anayepitwa kila mbio anakuwaje bingwa? Ukilijua jibu, umeielewa dhana yote.

Tuanze na neno uvumilivu. Katika mbio za uvumilivu kinachopangwa ni muda. Saa zikiisha, aliyezunguka mara nyingi zaidi ndiye mshindi. Mbio nyingi za Nürburgring huchukua saa 4, chache zaidi ya hapo, na madereva wawili au watatu hupokezana usukani wa gari moja. Kwa hiyo anayekimbiza gari hadi matairi yakaisha amejiharibia mwenyewe, na fundi anayechelewa kujaza mafuta amepoteza muda ambao dereva atahangaika kuurudisha.

Magari ni ya aina mbili kubwa. Kuna GT, yaani magari ya michezo kama Porsche 911 au Ferrari 296 yaliyoundwa upya kwa ajili ya mbio. Daraja lao la juu huitwa GT3. Halafu kuna magari ya kawaida, ya milango minne au yenye mlango wa nyuma kama Golf, yaliyovuliwa viti na kufungwa vyuma vya kumkinga dereva. Yote hukimbia pamoja, mara nyingi zaidi ya 100, yakianza kwa makundi matatu.

Ubingwa huu pia ni wa eneo moja: hauhami. Tangu 1977, vilabu vya magari vilivyoungana huandaa mbio zote palepale, kwenye milima ya Eifel. Zamani uliitwa kwa kifupi VLN. Tangu 2020 ni NLS.

Uwanja wenyewe ni wa kutisha. Nordschleife, yaani mzunguko wa kaskazini, iliyofunguliwa 1927, ina kilomita 20.8 na kona zaidi ya 70 ndani ya msitu. Ukiongeza kipande cha uwanja mpya, mzunguko mmoja unafika kama kilomita 24. Jackie Stewart, dereva wa Formula 1, aliuita Jahanamu ya Kijani. Mvua yaweza kunyesha upande mmoja huku mwingine ukiwa mkavu. Pale Karussell gari hutumbukia kwenye kona ya zege iliyolala kama bakuli, dereva akatikiswa mwili mzima, kisha likatemwa nje upande wa pili. Na mwenye gari dogo hafanyi hayo kwa utulivu: jicho moja liko barabarani, jingine kwenye kioo, maana GT3 inayomaliza mzunguko kwa dakika 8 hivi inamjia yeye anayetumia karibu 10.

Sasa jibu. Kwa miaka mingi alama za ubingwa zilihesabiwa ndani ya daraja, yaani kati ya magari ya kiwango kimoja, si kwa nafasi ya jumla, na zilitegemea pia wingi wa washindani. Ukishinda daraja lenye magari 12 ulipata alama nyingi kuliko aliyeshinda daraja lenye magari 3. Madaraja ya BMW za bei nafuu ndiyo hujaa watu, na huko ushindani ni wa kukabana koo. Kwangu huu ni utaratibu wa haki kuliko mwingi ninaoujua katika michezo ya magari: pesa inakununulia mwendo, lakini alama unazitafuta kwa wa kiwango chako.

Kuna pia kibali. Hakuna anayeruhusiwa kuanza na GT3 bila kwanza kuthibitisha kwenye gari dogo kwamba anaujua uwanja. Septemba 2025 Max Verstappen, bingwa wa dunia wa Formula 1 mara 4, alianza na Porsche Cayman iliyopunguzwa nguvu kama mgeni mwingine yeyote. Wiki mbili baadaye, tarehe 27, alishinda mbio za saa 4 akiwa na Chris Lulham kwenye Ferrari 296.

Ukali huo una sababu. Machi 2015 Nissan ya GT3 ilipaa sehemu ya uwanja iitwayo Flugplatz, ikavuka uzio na kumuua mtazamaji. Waandaaji waliweka ukomo wa mwendo sehemu za hatari, wakapunguza nguvu za injini, kisha lami ikasawazishwa kabla ya msimu wa 2016.

Mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa huu ni Sabine Schmitz, mwaka 1998. Alikulia kijijini Nürburg, katika hoteli ya wazazi wake, uwanja ukiwa jirani. Alifariki Machi 2021, na Septemba mwaka huohuo kona ya kwanza ya Nordschleife ikapewa jina lake.