Ruta ya Nyumbani: Yanayosemwa na Ukweli Wake

"Intaneti ikiwa nzito, ongeza kifurushi."

Pima kwanza, ndipo ulipe. Unganisha kompyuta na ruta (kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani) kwa waya, pima kasi, kisha pima tena kwa simu ukiwa chumbani. Kama umelipia Mbps 40 na waya unatoa 38 lakini chumbani unapata 6, mtoa huduma ametimiza wajibu wake. Kasi inapotelea ndani ya nyumba, na kifurushi kikubwa zaidi hakitaiokoa. Kumbuka pia kwamba Mbps 40 ni megabiti 40 kwa sekunde. Faili hupimwa kwa megabaiti, kwa hiyo gawanya kwa 8: utapakua megabaiti 5 kwa sekunde.

"Ruta iliyoandikwa AC1200 inatoa Mbps 1200."

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezewa fedha. Namba hiyo ni jumla ya kasi za masafa mawili ya mawimbi ya Wi-Fi: takriban 300 kwenye GHz 2.4 na 867 kwenye GHz 5. Simu yako hutumia masafa mamoja kwa wakati, na hata hiyo 867 ni kasi ya kinadharia; kwa matumizi halisi tarajia nusu yake au pungufu. Baya zaidi, ruta nyingi za bei nafuu zenye maandishi hayo zina matundu ya waya yasiyozidi Mbps 100. Ukiifunga kwenye faiba ya Mbps 200, utaishia kwenye 95 hivi. Kabla ya kulipa, tafuta kwenye boksi "10/100/1000" au "Gigabit". Ukiona "10/100" tu, basi inatosha kwa kifurushi kidogo pekee.

"Antena nyingi ndiyo nguvu, zielekeze chumbani."

Mawimbi hutoka ubavuni mwa antena, si nchani. Ukiielekezea ncha yake chumbani, chumba hicho ndicho unachokinyima. Zisimamishe wima; kwa nyumba ya ghorofa, laza moja. Isitoshe, mawasiliano ni ya pande mbili: simu nayo lazima ijibu, na nguvu yake ni ndogo kuliko ya ruta. Ndiyo maana unaweza kuona mistari imejaa na ukurasa bado haufunguki.

"Ikae pale fundi alipoiweka."

Fundi huiweka pale waya wa faiba unapoingilia, mara nyingi pembeni mwa sebule, nyuma ya televisheni. Nusu ya mawimbi yanaenda uani. Isogeze katikati ya nyumba, mita 1.5 hadi 2 kutoka sakafuni, mbali na jokofu na kabati la chuma. Usiuvute wala kuukunja waya wa faiba, maana hukatika kwa ndani. Badala yake, kiache kifaa cha faiba pale pale, kisha kiunganishe na ruta kwa waya wa mtandao wa Cat5e, unaofika hadi mita 100. Kuta za zege lenye nondo huzuia GHz 5 vibaya sana, kwa hiyo vyumba vya mbali viachie GHz 2.4.

"Chaneli 3 haina mtu, nitaichukua."

Chaneli ni kijia cha mawimbi ndani ya masafa. Kwenye GHz 2.4 chagua 1, 6 au 11 tu, kwa upana wa MHz 20. Ruta zilizo chaneli moja husikilizana na kupeana zamu. Ukikaa kwenye 3 unaingiliana na 1 na 6 kwa pamoja, na kila upande humsikia mwenzake kama kelele.

"Ruta ya pili ichomekwe tu, itaongeza mtandao."

Ikichomekwa kiholela itaunda mtandao ndani ya mtandao. Printa isionekane, michezo ikwame. Iweke katika hali ya "Access Point", yaani isambaze tu Wi-Fi ya mtandao wa ruta kuu. Kama haina, ipe anwani 192.168.1.2 (ikiwa ruta kuu ni 192.168.1.1), zima DHCP (huduma ya kugawa anwani kwa vifaa), kisha chomeka waya unaotoka ruta kuu kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si WAN (la intaneti inayoingia).

"Nimeficha jina la Wi-Fi, niko salama."

Jina lililofichwa huonekana kwa programu za bure, na simu yako hulitaja kila iendapo ikiutafuta mtandao huo. Kwenye mipangilio ya usalama wa Wi-Fi chagua WPA3, au WPA2 yenye AES (njia za kufunga mawasiliano kwa siri), na nywila ya herufi 12 au zaidi. Badilisha pia nywila ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta. Kisha zima WPS, njia ya kuunganisha vifaa bila kuandika nywila: PIN yake ya tarakimu 8 hukaguliwa kwa vipande viwili, hivyo mvamizi anahitaji majaribio yasiyozidi 11,000, si milioni 100.