Kabla ya kununua betri ya sola, soma LUKU jioni na asubuhi

Mama mmoja wa Kihonda, hapa Morogoro, alinipigia simu akiwa na uchungu. Betri zake nne za maji, za 200Ah (ampea-saa, yaani ujazo wa betri) kila moja, zilikuwa hazijafikisha hata miaka miwili, na tayari umeme wa sola ulikuwa unakata kabla ya saa sita usiku. "Fundi, nimeuziwa betri feki," aliniambia hata kabla sijakaa. Nikafungua vizibo, nikachovya kipima asidi. Betri iliyojaa husoma karibu 1.270, yaani uzito wa asidi ukilinganishwa na maji. Zake zilisoma 1.150, zote nne, na sahani za risasi zilikuwa na utando mweupe. Nikamjibu: hapana mama, betri zako zina njaa.

Juu ya bati kulikuwa na paneli mbili za wati 300. Kwa jua letu, kilowati moja ya paneli hutoa kama uniti 4 kwa siku, ukishaondoa kinachopotea kwa joto, vumbi na nyaya. Zake basi zilitoa 2.4. Mchana friji inakula fungu lake, na usiku nyumba inataka zaidi ya uniti 3. Betri ya risasi isiyojaa siku nenda siku rudi huota salfeti, ule utando mweupe, kwenye sahani, na salfeti ikishakomaa haitoki. Aliuziwa tangi kubwa na bomba linalodondosha.

Kwa hiyo mteja akiniuliza betri gani nzuri, mimi namwomba namba kwanza. Soma salio la LUKU saa kumi na mbili jioni, lisome tena saa kumi na mbili asubuhi, andika tofauti. Fanya hivyo wiki nzima, na usiingize umeme usiku katikati ya kipimo. Uniti ya LUKU ndiyo ileile kilowati-saa ya betri: volti 12 mara 200Ah ni wati-saa 2,400, yaani uniti 2.4. Huhitaji kukisia feni inakula ngapi wala taa ngapi zimewaka, mita imeshakuhesabia.

Kwa yule mama, sola ikiwa imezimwa, usiku uliokula umeme mwingi zaidi ulikuwa uniti 2.7. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, hupoteza kama asilimia kumi, tukafika 3. Halafu kuna kitu wauzaji wengi hawakitaji: inveta yenyewe hula umeme hata kama hujawasha chochote. Ya kwake ilikuwa inakula wati 40, na kwa saa 12 hiyo ni karibu nusu uniti. Jumla 3.5.

Hapa ndipo aina ya betri inapobadilisha hesabu. Betri ya risasi, iwe ya maji au kavu, ukiitaka iishi usiivute chini ya nusu. Uniti 3.5 zinadai betri za uniti 7, na kwa mfumo wake wa volti 24 hiyo ni betri nne za 200Ah, kilo 60 hivi kila moja. Lithiamu ya fosfeti ya chuma unaweza kuitumia asilimia 80 bila wasiwasi, kwa hiyo boksi moja la volti 51.2 na 100Ah, uniti 5.1, linatosha. Bei ya siku ya kwanza inauma, sikatai. Lakini betri ya risasi inayovutwa nusu kila usiku huhesabu mizunguko (kujaa na kuvutwa) mia kadhaa tu, na lithiamu nzuri huhesabu maelfu. Kwa nyumba inayotumia betri kila usiku, mimi sishauri tena risasi.

Angalia pia ampea ambazo betri inaruhusiwa kutoa. Boksi la 100Ah linaloruhusu ampea 50 tu linaweza kukata ukiwasha pasi na pampu ya maji kwa pamoja, hata kama limejaa. Na usichanganye betri mpya na kuukuu. Kuukuu itaiburuza mpya.

Mahali pa kuiweka napo tunakosea sana. Stoo chini ya bati, bila dari, ni tanuri, na betri ya risasi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. Ya maji isikae chumba cha kulala, maana ikichaji hutoa haidrojeni.

Mama aliuza zile nne kama chakavu, akanunua inveta ya volti 48, boksi moja la lithiamu na paneli tatu za wati 550. Kabla ya kuondoka nilihakikisha inveta imepangwa kuchaji lithiamu, kwa sababu ikibaki kwenye mpangilio wa risasi inaweza kupandisha volti hadi betri ijifunge. Sasa alfajiri anakuta asilimia 30 na kidogo, na siku ya jua betri inajaa kabla ya saa kumi alasiri. Masika ndiyo hupungua, na siku hizo TANESCO inamalizia.