Kitita cha NHIF na mstaafu asiye na kiti mezani

Mei Mosi ikikaribia, matawi ya vyama vya wafanyakazi huniletea rasimu za madai yao nizipitie. Kwenye bima ya afya, nyingi huandika jambo lile lile: makato yasiongezwe. Naelewa kwa nini. Makato yanaonekana kwenye salari slipu kila mwezi. Lakini kwa jinsi ninavyoifahamu kazi hii, si hapo mtumishi anapopunjwa.

Hapa Tanzania, tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) uanze kazi mwaka 2001, mtumishi wa umma anakatwa asilimia 3 na mwajiri anaongeza asilimia 3. Mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 anachangiwa jumla ya 60,000 kwa mwezi, na kwa hizo anatibiwa yeye, mwenza wake na wategemezi wanne. Akistaafu, makato yanakoma. Yeye na mwenza wanaendelea kutibiwa, wategemezi wanatoka. Wenzetu Kenya, tangu Oktoba 2024, wanakatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi na mwajiri haongezi chochote juu yake. Nusu kwa nusu yetu ni haki ya kulindwa kwa nguvu zote.

Kinachobadilika ni kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma, vipimo na dawa ambazo Mfuko unalipia, pamoja na bei zake. Unaweza kukatwa kiasi kile kile mwaka mzima, na bima yako ikawa imepungua. Machi 1, 2024 kitita kipya kilipoanza kutumika, wamiliki wa hospitali binafsi kupitia chama chao, APHFTA, walisema bei ni ndogo mno, na baadhi ya hospitali kubwa zikasitisha kuwapokea wenye kadi za NHIF. Mvutano ulikuwa kati ya Serikali na watoa huduma. Mwenye kadi, ambaye fedha ni zake, alikuwa anasubiri tangazo.

Kwa mstaafu jambo hili ni zito zaidi, na ningependa viongozi wa matawi walitazame kwa karibu. Orodha ya taifa ya dawa muhimu inazipanga dawa kwa ngazi ya kituo: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya rufaa ya mkoa, na S ni za kibingwa. Sasa mchukue mwalimu aliyefundisha mjini miaka yote, akawa anachukua dawa zake za presha na kisukari hospitali ya wilaya. Anastaafu, anarudi kijijini kwao, jirani yake ni zahanati. Kadi yake ni hai. Ila dawa aliyozoea ni ya ngazi C, na zahanati hairuhusiwi kuitoa. Atapanda gari kila mwezi hadi wilayani, na akikuta dawa imeisha atapewa fomu 2C, ya dawa zilizokosekana kituoni, akatafute duka la dawa lenye mkataba na Mfuko. Nauli hiyo haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Nimewaona wanaokata tamaa wakaanza kumeza dawa siku moja moja.

Na huyu mwalimu hana wa kumsemea. Majadiliano katika utumishi wa umma yana sheria yake ya mwaka 2003 na mabaraza yake, na wanaokaa humo ni waajiri na vyama vya walioko kazini. Siku unapokabidhi ofisi, na kiti chako mezani unakikabidhi. Kikokotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya mafao ya kustaafu, kilipiganiwa kwa sababu walioko kazini walijiona ndani yake. Ndiyo maana mkupuo, sehemu ya mafao anayolipwa mtumishi kwa pamoja akistaafu, ulioshushwa hadi asilimia 33 mwaka 2022 ukapandishwa hadi 40 kwenye bajeti ya 2024/25. Kitita hakijawahi kupata kelele za aina hiyo, ingawa mkupuo unaingia mara moja na dawa za kisukari ni za maisha.

Ninachoyashauri matawi sasa ni kuacha kuandika “huduma ziboreshwe”, sentensi ambayo kila mwajiri ataipokea kwa furaha na kuiweka kabatini. Dai rasimu ya kitita kabla haijasainiwa, pamoja na tathmini ya uhai wa Mfuko iliyoizaa, yaani hesabu ya kama fedha zake zitatosha miaka ijayo, ili mkiambiwa fedha hazitoshi muone kwa macho yenu. Dai kipindi cha mpito kwa wenye magonjwa ya kudumu: dawa ikiondolewa, mgonjwa aendelee nayo mpaka daktari wake amhamishie nyingine. Dai mstaafu aliyetulia kwenye dawa aweze kuichukua kituo cha karibu, kwa akiba ya miezi miwili au mitatu. Na leteni wastaafu wawili watatu kwenye kikao cha maandalizi, hata kama kanuni haiwapi kura. Wao ndio wanaojua dirisha gani la dawa linawarudisha watu mikono mitupu.