Kuna `and` iliyojificha ndani ya `0 <= alama <= 100`

Aliyezoea C akiona `0 <= alama <= 100` kwenye Python hushtuka, na ana haki. Kwenye C usemi huo haukataliwi, ila hukokotolewa kutoka kushoto: `0 <= alama` inatoa 1 au 0, na jibu hilo ndilo linalolinganishwa na 100. Alama hata ikiwa 5000, sharti linapita. GCC, kompaila ya C, hukuonya, mradi umewasha chaguo la `-Wall`. JavaScript nayo ina yake: `3 > 2 > 1` ni `false`, kwa kuwa `true` hugeuzwa kuwa 1, na 1 haizidi 1. Java hukataa kabisa kukompaili, na mimi naipenda zaidi kwa hilo.

Python huusoma mnyororo huo kama `0 <= alama and alama <= 100`, kwa tofauti moja: cha katikati hukokotolewa mara moja tu. Kwenye `0 <= soma_kipimo() <= 100` funksheni inaitwa mara moja. Ukiandika mwenyewe kwa `and`, inaweza kuitwa mara mbili, na kipimo cha pili huenda kisiwe sawa na cha kwanza. Tena, ulinganisho wa kwanza ukishindwa, cha mwisho hakiguswi.

Wengi husahau kwamba `==`, `!=`, `in` na `is` nazo huungana hivyohivyo. Jaribu:

```
>>> 1 in [1] == True
False
```

Python imesoma `1 in [1] and [1] == True`, na orodha haiwi sawa na `True` hata siku moja. (Nikikuta `== True` kwenye msimbo wa mtu huwa naifuta kwanza, maswali baadaye.) Vilevile `a != b != c` haithibitishi kwamba vyote vitatu vinatofautiana, maana `a` na `c` havikukutanishwa popote. `1 != 2 != 1` ni `True`.

Kwenye NumPy, maktaba ya Python ya safu za namba, ndiko watu huumia. `x` ikiwa safu yenye namba nyingi, `0 < x < 5` inatoa ValueError, kwa sababu ile `and` inadai jibu moja na safu inayo mengi, moja kwa kila namba. Andika `(x > 0) & (x < 5)`, na mabano usiyaache: `&` hutangulia ulinganisho, kwa hiyo `x > 0 & x < 5` husomwa `x > (0 & x) < 5`. Umerudi kwenye mnyororo na ValueError ileile; na kama namba ni za desimali, hufiki hata huko, `&` yenyewe inagoma kwa TypeError.