Mvumo wa amplifaya ya vali una noti yake

Kijana aliingia karakanani kwangu amekumbatia amplifaya ndogo ya gitaa, begani mfuko wenye vali tatu za zamani, zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya amplifaya, kwenye maboksi ya vali mpya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Inaumwa nini?"

"Inavuma, mzee. Nimebadilisha vali zote tatu, hela ya mwezi mzima imekwenda, na bado inavuma vilevile."

Nikamwambia aiwashe na asipige kitu. Ikavuma kweli, mmmmm moja nzito isiyokatika. Nikampa gitaa. "Tyuni kwanza. Haya, uzi mnene kabisa, freti ya tatu." Akapiga. Sauti ya uzi na mvumo vikaingiana, vikawa vinapanda na kushuka pamoja kama mara mbili kwa sekunde. Akaniangalia. "Zinakaribia kufanana."

Zinakaribia kwa sababu ile noti ni G, mitetemo 98 kwa sekunde, na mvumo wake ni 100. Umeme wetu wa ukutani unageuka mara 50 kwa sekunde. Ndani ya amplifaya ile, rektifaya huchukua pande zote mbili za wimbi na kuzielekeza upande mmoja, kwa hiyo kinachotoka kina mawimbi 100. Kazi ya kapasita kubwa za chujio, yaani vifaa vya kuhifadhi umeme, ni kuyalaza mawimbi hayo kabla hayajafika kwenye vali. Ukisikia 100, chujio ndilo mtuhumiwa wa kwanza. Ungesikia 50, yaani G ileile iliyoshuka oktava moja, ile ya gitaa la besi, ningetazama kwingine: waya za kupasha moto vali, waya wa ardhi uliolegea, au kebo ya gitaa inayonasa umeme. Ndugu zetu walio Marekani wana mizunguko 60, hivyo kwao mvumo wa chujio ni 120, ambao unaangukia katikati ya A-kali na B na hauna freti yake. Katika hili sisi tumebahatika.

Kipimo hiki si msahafu. Spika ya inchi nane haiwezi kuitoa vizuri 50, kwa hiyo mara nyingine masikio hukamata mwangwi wake wa juu na kudanganyika. Lakini hakigharimu kitu, na mpiga gitaa anacho tayari kichwani. Wanamuziki wengi wanaokuja kwangu wana masikio bora kuliko yangu, ila kinachowaponza ni kutangulia dukani.

Kabla hatujafungua chesi, ile fremu ya chuma inayobeba vifaa vyote, nizungumzie mauti. Sitafupisha hapa.

Amplifaya ya vali, hata hii ya wati tano, ina zaidi ya volti 300 ndani. Zile kapasita za chujio huweza kubaki na umeme huo hata baada ya kuchomoa plagi. Niliwahi kushika moja iliyokuwa imechomolewa tangu asubuhi, nikajikuta nimekaa chini, na bisibisi iko upande wa pili wa chumba. Nilisalimika kwa kuwa mkono wa kushoto haukuwa umegusa chuma. Tangu siku ile mkono mmoja unakaa mfukoni kila ninapopima kitu chenye umeme, ili mkondo usipate njia ya kutoka mkono huu kwenda ule kupitia moyoni.

Chomoa plagi. Bana waya mweusi wa mita kwenye chesi, na mwekundu uguse upande chanya wa kapasita ya kwanza. Ukikuta volti, zimwage kupitia rezista, kifaa cha kupunguza mkondo, ya omu 10,000 na wati 5, yenye waya zilizovikwa plastiki. Usizimwage kwa bisibisi, kwani ile cheche inaumiza kapasita na kukushtua uguse usipotakiwa. Kwa kapasita ya mikrofaradi 16 rezista hiyo inamaliza kazi chini ya sekunde moja. Mimi huiacha nihesabu hadi kumi. Kisha pima tena, maana kapasita za aina hii huweza kujirudishia volti kidogo zenyewe. Kama hatua hizi zinakuchosha, mpelekee fundi. Siyo aibu.

Jambo la pili ni ardhi. Amplifaya nyingi za zamani kutoka Marekani zilikuja na plagi ya miguu miwili, na baadhi zina kapasita iliyoungwa kati ya waya wa umeme na chesi. Kapasita hiyo ikifa vibaya, chesi inapata umeme, na chesi imeungwa na nyuzi za gitaa lako. Mwimbaji akigusa maikrofoni midomo yake ndiyo inayokamilisha njia. Ondoa kapasita hiyo, weka waya wa nyaya tatu, ule wa ardhi uufunge kwenye chesi kwa boliti yake peke yake. Halafu kagua transfoma ya kushusha umeme kutoka 230 hadi 120, kwa sababu baadhi zinazouzwa madukani zina tundu la miguu miwili tu, na hapo ardhi yako inaishia njiani. Pia hakikisha soketi ya nyumbani ina ardhi ya kweli. Kuna nyumba zenye tundu la tatu ukutani lakini nyuma yake hakuna waya.

Na kamwe usiwashe amplifaya ya vali bila spika. Transfoma ya kutolea sauti ikikosa mzigo hurusha volti za ajabu zinazotoboa insulesheni yake, na ni miongoni mwa vifaa vya bei kubwa mle.

Amplifaya ya kijana ilikuwa na mchoro uleule wa Fender Champ 5F1 wa miaka ya 1950, na kama unataka kujifunza, anzia hapo. Ina vali tatu, volyumu moja, haina hata kinobu cha toni. Mchoro mzima unaingia kwenye ukurasa mmoja. Vali ya 5Y3 ni rektifaya. Vali ya 12AX7, ambayo Ulaya huiita ECC83, ni vali mbili ndani ya chupa moja, na ndiyo inayokuza sauti ya gitaa mara mbili mfululizo. Ya 6V6 inasukuma spika. Fikiria tangi, koki na ndoo: kathodi iliyopashwa moto ni tangi, anodi ni ndoo, na gridi katikati ni koki. Gitaa lako linagusa koki tu, maji yanatoka mengine. John Ambrose Fleming wa Uingereza alitoa vali isiyo na koki mwaka 1904, na Lee de Forest huko Marekani akaongeza koki miaka miwili baadaye. Hata vali ya leo bado ina sehemu hizo.

Katika mchoro huo volyumu imekaa kati ya nusu mbili za 12AX7. Kelele ikiongezeka unapozungusha volyumu, chanzo kiko kabla yake: kebo, tundu la kuchomekea, au nusu ya kwanza. Isipobadilika, kiko baada yake. Tulizungusha, haikubadilika. Tukazima, tukachomoa 12AX7, tukawasha tena. Mvumo bado upo. Kwa hiyo kilichobaki ni 6V6 au umeme wenyewe, na 6V6 ilikuwa mpya. Vipimo viwili vya bure, dakika tatu, vingemwambia asinunue zile vali.

Tulipofungua, kapasita ya kwanza ilikuwa imevimba kichwa na ukoko umetoka pembeni. Mchoro unataka mikrofaradi 16 hapo. Siku hizi 22 ndiyo rahisi kupata, na inakubalika. Lakini usipandishe hadi 100 kwa kudhani chujio likiwa kubwa ndiyo vizuri zaidi. Kila unapowasha, kapasita tupu inakunywa umeme kwa pupa, na 5Y3 haikuundwa kustahimili kiu hiyo. Upande wa volti, chukua ya 450 au 500. Vali ya 5Y3 inapata moto upesi kuliko wenzake, hivyo kwa sekunde kadhaa inatoa umeme ambao hakuna anayeutumia, na volti zinapanda kuliko za kawaida. Na angalia alama ya hasi. Ukiigeuza itapasuka, na harufu yake itakaa kwenye nguo wiki nzima.

Mara ya kwanza kuwasha baada ya kulehemu, tulipitisha umeme kwenye balbu ya wati 60 iliyofungwa kwa mfululizo. Iwe ile ya zamani yenye waya wa moto, kwa sababu za LED hazifanyi kazi hii. Balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, salama. Ikibaki inang'aa, kuna shoti, na ni balbu inayobeba mzigo badala ya transfoma yako. Ilififia.

Hapo ndipo nikampa kalamu, kwa sababu volti za ndani ni hesabu ya darasa la saba. Kathodi ya 12AX7 ina rezista ya omu 1,500. Tulisoma volti 1.5 juu yake. Gawanya, unapata miliampea 1. Mkondo uleule unapita kwenye rezista ya anodi ya omu 100,000, kwa hiyo lazima ile rezista idondoshe volti 100. Tukapima: 104. Hesabu mbili zimekubaliana, vali inafanya kazi. Ingedondosha sifuri ningejua vali haipitishi hata tone. Kwenye 6V6, rezista ya kathodi ni omu 470. Tulisoma volti 18.5, karibu miliampea 39. Zidisha kwa volti 300 zilizo kati ya anodi na kathodi, unapata kama wati 12, ambayo ndiyo kazi iliyopangiwa vali hiyo. Inachapa kazi bila kupumzika, ndiyo maana ni ya moto vile.

Mikwaruzo nayo ina njia yake. Amplifaya ikiwa imewashwa, gonga vali na viungo taratibu kwa kijiti cha mshikaki kilicho kikavu. Pwani yetu hii ya chumvi, mara nyingi tatizo ni kutu kwenye soketi. Chomoa vali na kuirudisha mara kadhaa, umeme ukiwa umezimwa, na nusu ya mikwaruzo inakwisha.

Kijana alipowasha akiwa na kapasita mpya, mvumo mdogo ulibaki. Akakunja uso. Nikamwambia huo hautaisha: amplifaya yenye vali moja ya kutolea haina mwenzake wa kuufuta. Akapiga G yake ya freti ya tatu, akasikiliza, akaridhika. Kisha tukazirudisha vali zake za zamani moja moja, tukapima tena. Zote tatu zilikuwa nzima.