Nazi nzito haiwahi chini

Hapa Pemba wengi bado tunaamini kwamba nazi pevu huanguka upesi kuliko kitale. Sivyo. Ni kweli dunia huivuta nazi kwa nguvu zaidi, lakini tungamo lake kubwa, yaani wingi wa maada iliyomo, nalo huifanya iwe ngumu kuongezewa mwendo, basi mawili hayo yanafutana. Kuti huchelewa kwa sababu ya hewa. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott aliangusha nyundo na unyoya Mwezini, pasipo hewa, vikatua pamoja.

Ndiyo maana kanuni ya muda wa kuanguka haina tungamo. Kutoka mita 10, jibu ni sekunde 1.4 hivi. Wanafunzi, tafadhali msiandike 1.4286 kwa kuwa kikokotoo kimeonyesha: ukipima kwa saa ya simu, kidole peke yake huchelewa takriban sekunde 0.2.