Shida moja, mioyo tofauti: maswali ninayoulizwa Mtwara kuhusu hulka, wasiwasi na sonona

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Mtwara. Maswali haya nimeulizwa kliniki, mengine barazani jioni, na moja niliulizwa ndani ya bajaji nikitoka Mikindani. Karibu yote yanazunguka jambo lilelile: mbona shida ni moja, lakini huyu anaipita na yule inamlaza kitandani?

Nesi, hii sonona si mawazo tu kama ya kila mtu?

Mawazo kila mtu anayo. Ukifiwa, mtoto akifeli, malipo ya korosho yakichelewa, moyo lazima uume, na huo si ugonjwa. Tunaanza kuzungumzia sonona pale huzuni, au kukosa hamu hata ya mambo uliyoyapenda, inapokaa nawe karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, tena ikiwa na wenzake: usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi, chakula hakipiti, mwili mzito, unajiona huna thamani, pengine unawaza kufa. Wasiwasi uliovuka mpaka nao una sura yake: hofu isiyotulia hata pasipo na cha kuogopa, kifua kubana, viganja kulowa jasho, tumbo kuvurugika. Mara nyingi hayo mawili huja pamoja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 301 duniani walikuwa na maradhi ya wasiwasi, na milioni 280 walikuwa na sonona.

Huku kwetu ni nadra mtu kuja akisema "nina huzuni". Atasema "nina presha" au "kichwa kinawaka moto". Anapimwa malaria, hana. Anapimwa presha, iko sawa. Anapewa dawa ya maumivu, anarudi nyumbani. Vipimo ni lazima, maana moyo kwenda mbio unaweza kuletwa na upungufu wa damu au tezi ya shingo. Lakini mtu akishapimwa mara tatu na hana kitu, mimi huvuta kiti nikamwuliza analalaje.

Kuna watu waliozaliwa na wasiwasi?

Kuna waliozaliwa na moyo mwepesi wa kushtuka. Wataalamu wa saikolojia huitazama hulka kwa mambo matano: wepesi wa kuhofu na kusononeka, uchangamfu, uangalifu wa kazi na utaratibu, upole kwa wenzako, na udadisi wa mambo mapya. Sote tunayo yote matano, kila mmoja kwa kipimo chake. Hilo la kwanza ndilo linalofungamana zaidi na wasiwasi na sonona, na tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa karibu nusu ya tofauti za hulka baina ya watu hutokana na urithi.

Urithi si hukumu, lakini. Waulize wavuvi wa Msangamkuu. Mwenye chombo chepesi anavua na kurudi salama miaka yote, ila kusi likianza kuvuma yeye ndiye wa kwanza kushusha tanga. Ukijua moyo wako ni mwepesi, usingoje wimbi liingie ndani. Siku ya tatu bila usingizi kwako ni taarifa. Mwenzako huenda asiitilie maanani mpaka wiki ipite.

Mwanangu ni mkimya, hapendi watu. Ndiye atakayeugua?

Ukimya si ugonjwa. Carl Jung, daktari wa Uswisi, aliandika mwaka 1921 kuhusu watu ambao nguvu zao zinaelekea ndani na wale ambao zinaelekea nje kwa watu. Mtoto anayependa kukaa peke yake na daftari lake la kuchora, anakula, analala, ana rafiki mmoja anayemtosha, mwache hivyo alivyo. Cha kutazama ni mabadiliko. Mkimya aliyekuwa anachora akaacha kuchora, huyo ndiye wa kumfuatilia.

Na niseme kinachoniumiza zaidi. Tunawahofia wakimya, tunawasahau wachangamfu. Namkumbuka mama mmoja, kinara wa kikundi cha ngoma mtaani kwao, harusi bila yeye haijakolea. Alikuja kumsindikiza shangazi yake, akalichekesha benchi zima. Shangazi alipoitwa ndani, nikamwona amezungusha ncha ya kanga kwenye kidole, anaikaza, anailegeza, anaikaza tena, mpaka ncha ya kidole imevimba. Nikamwuliza, "Na wewe dada, unalala?" Akanitazama kwa muda. Akasema, "Nikilia mimi, nesi, nani atawachekesha?"

Mtu wa watu ana bahati ya kuzungukwa na watu, na kuwa na watu kunakinga kweli. Tatizo ni pale anapokuwa na mia wa kucheka nao na hana hata mmoja wa kumwonyesha machozi. Kwa huyo dawa ya kwanza haikuwa kuongeza shughuli. Ilikuwa kumchagua mtu mmoja, akamchagua dada yake wa Lindi, na kumwambia ukweli mara moja kwa wiki bila kutia utani.

Baba yetu ni mtu wa mahesabu na utaratibu. Mbona wasiwasi umemshika yeye?

Uangalifu kwa kawaida ni kinga. Mwangalifu hutunza afya yake, humaliza dawa, hujiwekea akiba. Humgeuka pale jambo linapokuwa nje ya uwezo wake, kwa sababu silaha yake ni moja tu: kuongeza juhudi.

Nilimpokea mzee wa Tandahimba mwenye daftari la mistari ya miraba. Ndani mna kila kilo aliyopeleka ghalani, kila mfuko wa salfa, kila tarehe ya kupuliza mikorosho, kwa mwandiko ulionyooka kama wa mwalimu. Msimu ule malipo yalichelewa. Akawa anaamka usiku kupiga hesabu zilezile kwa tochi ya simu, jumla inatoka ileile, anaanza upya. Mchana anakwenda chama cha msingi cha ushirika kuuliza. Kesho yake tena.

Mwaka 1984 Richard Lazarus na Susan Folkman wa Marekani walieleza njia mbili za kukabili msongo: kulishughulikia tatizo lenyewe, na kuushughulikia moyo unaoumizwa na tatizo. Njia ya kwanza inafaa penye cha kubadilisha. Pasipo nacho inachosha tu. Basi tukachora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja "yangu", upande wa pili "si yangu". Bei ya mnada, si yangu. Siku ya malipo, si yangu. Kufyeka shamba, yangu. Kuzungumza na mwenye duka kuhusu deni, yangu. Kuuliza chamani, yangu, lakini Jumatatu tu. Kisha nikampa kazi iliyomshangaza: saa kumi jioni, nusu saa, akae chini ya mwembe awaze kwa makusudi yote yanayomtisha, aandike, afunge daftari. Wazo likija usiku, alijibu, "Saa yako ni kumi." Hakulala vizuri siku ya kwanza. Wiki ya tatu alianza kulala.

Na sisi tunaowaza sana, tunazunguka palepale?

Kuna kuwaza kunakofika mahali na kuna kuwaza kama ng'ombe wa kinu. Swali la "kwa nini mimi?" huzungusha, "leo nifanye lipi?" husogeza. Watu wa kabila la Washona, huko Zimbabwe, wana neno kwa hali hii, *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha Harare utaratibu wa kuwafundisha mabibi wa mtaani kuketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, wamsikilize, wachague naye tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita walioketi na mabibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nikisoma hayo nawaza mabaraza yetu ya Shangani na Mikindani. Benchi tunalo. Tukosacho ni bibi aliyefundishwa kusikiliza bila kukatiza.

Mume wangu akinywa uraka anatulia. Kuna ubaya?

Anatulia kwa saa chache. Pombe hulegeza wasiwasi kisha huurudisha asubuhi ukiwa mkubwa zaidi, na huvuruga usingizi. Wenye hofu ya watu ndio hunaswa haraka, kwa kuwa ndiyo njia rahisi ya kuingia kwenye kundi. Akiwa anakunywa kila siku na mikono inatetemeka akikosa, asiache ghafla peke yake. Apelekwe kituo cha afya, kwa sababu kuacha kwa namna hiyo kunaweza kuleta degedege.

Nimepimwa hulka kwenye simu nikapewa herufi nne. Niziamini?

Kipimo hicho kilibuniwa Marekani na mama na bintiye, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, ambao hawakusomea saikolojia. Wengi wakikirudia baada ya wiki chache hupata herufi nyingine. Kikikufanya ujitafakari, sawa. Kisikuambie kuwa huponi, au kwamba "sisi aina yetu hatuhitaji msaada".

Mwenzangu hasemi kitu. Nimsaidieje?

Usimkalishe uso kwa uso kama kikao cha usuluhishi. Wanaume wengi wa huku, nao ni wakimya, husema mikono ikiwa na kazi. Keti naye mkibangua korosho, au mwende pamoja shamba. Acha kimya kipite, usikijaze. Kisha sema ulichokiona, si unachokihukumu: "Naona siku hizi huli usiku." Usimwambie ajikaze, amejikaza mpaka amechoka.

Ukihofia anawaza kujiua, mwulize wazi: "Umefika kuwaza kujitoa uhai?" Watu wananiogopa kwa ushauri huu, wanadhani tutampa wazo. Hatumpi. Kuuliza hakupandikizi wazo hilo, na mara nyingi ndiyo mara yake ya kwanza kupata pa kuliweka. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa sumu za shambani na kamba mahali anapolala, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Dawa zitambadilisha awe mtu mwingine?

Hapana. Dawa za sonona kama fluoksetini na amitriptilini hazimfanyi mkimya kuwa mcheza ngoma. Huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, kuonyesha nafuu, na wengi huziacha wiki ya kwanza wakidhani hazifai. Zisikatishwe ghafla hata ukijisikia umepona. Daktari ndiye wa kuzipunguza. Wapo wanaopona kwa mazungumzo tu. Na hulka yenyewe si jiwe: tafiti za wanaopata tiba zinaonyesha wepesi wa kusononeka hupungua.

Anayeombewa dua au kanisani aendelee, na kliniki aje. Sijawahi kumtaka mtu achague.

Nikifika hospitali nitasema nini?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikibidi utapewa rufaa kwenda hospitali ya Ligula ukiwa Mtwara, au ya Sokoine ukiwa Lindi. Sema moja kwa moja: "Nimekuja kwa ajili ya mawazo na usingizi, si malaria." Mchangamfu, aje na mtu anayemjua nyumbani, maana mbele ya daktari atatabasamu tu. Mkimya, aandike. Karatasi haina haya.

Yule mzee wa Tandahimba hakuweza kusema neno siku ya kwanza. Alifungua daftari, akapita kurasa za kilo na salfa, akanipa ukurasa wa mwisho. Mstari wa kwanza ameandika "usingizi". Wa pili, "chakula". Wa tatu, kwa mwandiko uleule ulionyooka, "naogopa kubaki peke yangu". Tukaanzia hapo.